Mkebe wa Vitambulisho

Ruiru, Jumamosi alasiri

Nyambura, mwanangu, maitu,

Umeenda Kalimoni kumuaga cucu, bibi yako, na ninavyowajua nyinyi wawili hutatoka huko kabla hujamaliza githeri yote na kusikia habari za kila jirani. Nina saa tatu, labda nne. Nimeondoa nguo za wateja kwenye meza ya kukatia na nimejifungia ndani. Mama Kevo alikuja kugonga akitaka zipu yake, nikamwambia kutoka ndani kwamba fundi hayupo leo. Akasema, "Baba Nyambura, na si hiyo ni sauti yako?" Sikufungua, akaenda.

Sanduku lako liko mlangoni. Nimelipita mara tano tangu asubuhi na kila nikilipita linaniudhi. Nimejaribu kulisogeza pembeni, lakini nyumba yetu haina pembeni. Nakwambia ukweli, nina upweke tayari na wewe hujaenda hata bado.

Sitakuandikia habari za kula vizuri na kulala mapema. Utakula utakavyo, mimi nitakuwa mbali. Kupiga pasi tu kulikushinda ukiwa chini ya macho yangu, na mimi fundi, sembuse ukiwa Garissa. Nina jambo moja tu, na nimelificha miaka saba.

Ndani ya bahasha hii kuna kitambulisho cha mwanamke usiyemjua. Anaitwa Mwende. Kwao ni Matuu, na basi lako la kesho litapita hapo hapo. Nataka ushuke dakika chache umpelekee, kisha upande gari lingine uendelee na safari yako. Jina la kijiji chao limeandikwa nyuma ya kadi. Lakini siwezi kukupa kadi ya mtu hivi hivi bila kukuambia imefikaje mikononi mwangu, hasa wewe, hasa sasa, unapoenda kuwa afisa wa ununuzi katika hospitali ya umma.

Unaikumbuka ile godauni ya karibu na reli. Siku za likizo ulikuwa ukiniletea chakula, na soja wa getini alikusimamisha kwa utani, "Wewe mrembo, ID iko wapi?" nawe ukamwonyesha kadi ya maktaba ya shule. Uliishia hapo hapo kwenye meza yangu, karibu na mlango. Hukuwahi kwenda ndani zaidi. Nilihakikisha huendi, na wewe ulidhani ninaogopa usichomwe na sindano za cherehani.

Siku ya kuhitimu kwako pale Juja ulinishika mkono mbele ya wenzako ukawaambia, "Huyu ndiye alinisomesha na shuka za hospitali." Walicheka, nami nikacheka. Halafu nilienda nyuma ya hema nikasimama peke yangu mpaka ukaanza kunitafuta. Nilikuambia jua lilinizidi.

Sasa sikiliza kazi ile ilivyokuwa. Kampuni moja kubwa ilipata tenda ya kuuzia hospitali za umma shuka na foronya. Kampuni hiyo haikuwa na cherehani hata moja. Ikampa kazi mtu mwingine, naye akampa bosi wetu Njoroge, Njoroge akanipa mimi, supavaiza wake, na mimi nikawapa wanawake ishirini na sita waliokaa mbele ya mashini. Kila mtu alipokea kazi ikiwa imechelewa zaidi. Huko juu karatasi zilikuwa zimelala kwenye meza za watu miezi na miezi, na zilipoamka, shuka zilitakiwa kwa wiki tatu. Haraka yote iliyokosekana huko juu ilitushukia sisi huku chini.

Katikati ya oda ya kwanza, wanawake wawili waliacha kazi. Mmoja alisema mgongo umemshinda, mwingine asubuhi hakurudi tu. Njoroge akaniita nje.

"Kamau, hawa watu wakianza kutoka hivyo tumekwisha. Chukua ID zao. Waambie ni za kuandikishwa. Oda ikiisha wanapata."

"Wote?"

"Ndiyo, wote! Ama unataka kubaki wewe na mkasi wako?"

Nilizichukua mimi, si yeye. Nilipita mashini kwa mashini nikiwa na mkebe wa biskuti, ule mwekundu, nao wakazitia humo. Wengine walikuwa wakitabasamu. Unajua kwa nini? Kwa sababu hapa kwetu mtu huacha kitambulisho getini kila anapoingia. Ukienda kufuatilia cheti kwenye ofisi, unaacha. Ukienda kung'olewa jino kwenye jengo la ghorofa, unaacha. Soja anakitia kwenye mkebe, anakupa kibao chenye namba, na ukitoka unarudishiwa. Tumezoea hivyo mpaka hatuulizi. Wanawake wale walifikiri ni kama kawaida, na mimi nilijiambia vivyo hivyo.

Tofauti ilikuwa kwamba wao hawakurudishiwa walipotoka. Oda ya kwanza iliisha ikaja ya pili, ya pili ikaingiliana na ya tatu. Mkebe ulikaa kwa soja, chini ya kaunta yake. Halafu Njoroge akaleta kufuli. Geti likawa linafungwa kwa nje mpaka idadi ya shuka za siku ifikiwe, na isipofikiwa watu walilala pale pale juu ya marobota ya kitambaa. Nilikuwa na ufunguo. Nilijiambia ni kwa usalama wao, maana njia ya reli ina wezi. Kweli ina wezi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi kipande cha ukweli cha kuegemea.

Nawe unajua mtu bila kitambulisho ni nani nchi hii. Hatoi pesa kwa wakala wa simu. Haajiriwi kwingine. Akisimamishwa barabarani, maelezo yake hayasikilizwi. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfunga kamba, na bado hawezi kuondoka. Mwenyewe nilikuwa nikienda nyumbani kila jioni, kitambulisho changu mfukoni.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hayo. Nilipokuwa mdogo, guka wangu, babu, alikuwa akitusimulia habari za kipande, ile hati ya kazi waliyolazimishwa kutembea nayo. Alifanya kazi kwenye mashamba ya katani upande wa Thika enzi za wakoloni, na alivaa kipande chake shingoni ndani ya kijumba cha bati, na mzungu asipotia sahihi humo hakuna pa kwenda. Alikuwa akigusa hapa kifuani akisimulia, ingawa bati lenyewe lilikuwa limetupwa zamani. Nilimwonea huruma nikalia. Cucu yako hukumbuka nilivyolia, muulize. Na mtoto huyo huyo aliyelia akakua akapita na mkebe wa biskuti.

Sasa Mwende. Alikuwa mwembamba, mnyamavu, mtu wa kuimba kwa pua. Mashini yake ilikuwa namba kumi na nne, na mimi nilikuwa nikimwita hivyo, "Kumi na Nne," kama wote nilivyowaita kwa namba zao. Alikuwa na ubishi mmoja tu. Akifika kwenye kona ya shuka alikuwa anasimama, anageuza kitambaa, anarudi nyuma hatua tatu, anaenda mbele, anarudi tena, halafu anakata uzi. Kona nne, shuka baada ya shuka. Nilimgombeza.

"Kumi na Nne, unanimalizia uzi. Unatuchelewesha."

Hakuinua macho. "Supa, mgonjwa hujigeuza sana. Kona ndio hufumuka kwanza."

Nilimwambia shuka si zake. Akasema, "Najua," na akaendelea kurudi nyuma hatua zake tatu.

Siku moja tukaambiwa mkaguzi anakuja. Ile kampuni kubwa ilikuwa imetakiwa kuonyesha kwamba shuka zake hazishonwi na watu walioshikiliwa kazini, kwa hivyo ikamtuma msichana mmoja na fomu. Njoroge alifungua kufuli mapema, akapaka ukuta wa choo rangi, na akaniachia mgeni.

Alikuwa wa umri wako wa sasa. Alivaa viatu vya heshima vilivyomuumiza, niliona anavyotembea. Aliniita mzee, akanisalimia kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya, Nyambura, wala hakuwa mjinga. Alifika getini, soja akamwomba kitambulisho kama wageni wote, na alipoinama kuandika jina lake aliuona mkebe. Ulikuwa wazi, umejaa hadi juu.

"Na hizi zote ni za nani?"

Soja akaniangalia. Mwende alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo akiwa amebeba robota la foronya, na yeye pia akaniangalia.

Nikasema, "Ni za wageni."

Msichana akacheka. "Mna wageni wengi leo!" Akaweka chake juu ya vile vingine, akaingia.

Maneno matatu, maitu. Sikulazimishwa. Njoroge hakuwepo hata karibu. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza tu, nimwache aulize swali la pili, na sikunyamaza. Yule msichana aliamini kwa sababu hata yeye alizoea kuona mkebe umejaa getini. Angeona mnyororo angeshtuka. Aliona kitu anachokiona kila siku.

Alipita mashini kwa mashini nami nikiwa nyuma yake. Alimuuliza Mwende, "Mko sawa hapa?" Mwende akanitazama mimi, si yeye. "Tuko sawa." Kwenye fomu kulikuwa na swali kama wafanyakazi wako pale kwa hiari yao. Yule msichana alinipa kalamu nijaze mwenyewe kwa kuwa mwandiko wangu, alisema, ni mzuri kuliko wake. Nikatia alama ya ndiyo. Alipotoka soja akamrudishia kitambulisho chake, akatushukuru, akaenda zake.

Wiki mbili baadaye Mwende akaja kwenye meza yangu.

"Supa, mama ni mgonjwa sana. Nipatie ID niende. Jumapili nimerudi."

"Si umalize hii oda kwanza? Ijumaa hivi."

"Ijumaa ni mbali."

"Ni siku tatu tu."

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Mara ya tatu hakusema kitu, alisimama tu mbele ya meza. Nilijifanya napima kitambaa. Ningeweza kuinuka niende hatua ishirini mpaka getini nifungue mkebe. Nilihofia Njoroge angesema nini, na nilihofia ada yako ya shule, na hapa ndipo ninapokuomba usijibebeshe lolote. Ada ilikuwa sababu niliyoipata kwa urahisi. Ningekuwa sina mtoto ningepata nyingine.

Ijumaa lori lilikuja kupakia shuka, geti likawa wazi, na Mwende akatoka akatembea kando ya lori kana kwamba anahesabu marobota. Soja aligeuza uso. Nilimwona kutoka mlangoni, nami nikageuza wangu. Nilijisifu kidogo kwa hilo, nikaona nimemsaidia.

Nyokabi, aliyekaa mashini ya jirani yake, ndiye aliyeniambia yaliyofuata. Mbele ya Thika abiria walisimamishwa kwenye kizuizi, wakaulizwa vitambulisho. Wasio navyo wakashushwa. Mwende alieleza kwamba chake kiko kazini. Wakamwuliza kazini gani huko wanakaa na ID ya mtu, naye akashindwa kujibu, maana ukilisema kwa mdomo halieleweki. Alikaa hapo mpaka kesho yake mtu wa kwao alipofika kumsemea. Mama yake alikuwa amefariki siku ile aliyosimama mbele ya meza yangu bila kusema kitu. Alipofika boma la kwao, walikuwa wameshazika.

Nyokabi aliniambia haya akiwa anatia uzi kwenye sindano, na alipomaliza hakunitazama, akaendelea kushona. Sijawahi kugombezwa na mtu kwa ukali kama ule.

Sasa utaunganisha mwenyewe. Mwezi uliofuata ndipo ulipougua kidole tumbo, ukiwa kidato cha pili. Ulipasuliwa ukarudishwa wodini ukiwa bado umelala na midomo mikavu, na mimi nikaketi kwenye kiti cha plastiki kando yako. Ulijigeuza. Shuka ikavutika, kona ikaja mkononi mwangu. Mimi ni fundi, mikono yangu huangalia kabla ya macho. Niliipapasa nikahisi uzi umerudi nyuma hatua tatu, umeenda mbele, umerudi tena. Nikageuza kona ya pili, ilikuwa vile vile. Shuka ya kijani, na hakuna kona iliyofumuka.

Nilikaa na kona hiyo mkononi kutoka asubuhi mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha. Uliponiuliza kwa nini nalia nilikuambia ni furaha ya kukuona umeamka. Ilikuwa hiyo pia. Lakini nilikuwa nikifikiri kwamba mwanamke niliyemnyima kwenda kumuuguza mamake ndiye aliyemtandikia mwanangu.

Ungependa niseme kwamba Jumatatu nilivunja kufuli. Hata mimi ningependa. Nilirudi kazini Jumatatu, nikaketi kwenye meza ile ile, na nikafanya miezi minane zaidi. Nilichobadilisha ni kwamba niliacha kuwaita watu kwa namba, na hicho hakikumfungulia mtu mlango. Mwishowe tenda iliisha, Njoroge akahamisha mashini akaenda kufungua kwingine kwa jina lingine, na mkebe akauacha kwenye kaunta kama takataka. Hapo ndipo nilipovitoa vitambulisho, wakati hakuna wa kunikataza. Niliita majina, wakaja mmoja mmoja, wakachukua. Hakuna aliyenishukuru na ilikuwa haki. Kilibaki kimoja.

Nimekiweka kwenye kijaluba cha vifungo, chini ya vifungo vya makoti ambavyo havitakiwi na mtu. Kila mwaka nilisema nitakipeleka. Matuu si mbali. Mwaka wa kwanza nilisema mvua, mwaka wa pili nikasema wateja. Huenda alishapata kingine, huenda hiki ni plastiki tu sasa. Bado si changu.

Wewe Jumatatu utakuwa upande ule mwingine wa mlolongo. Utakaa kwenye meza ambapo shuka, glavu, sabuni na chakula cha wagonjwa huanza kama karatasi. Umesoma mambo haya kuliko mimi, una vyeti, na sitajifanya mwalimu wako. Ninakuambia tu nilichokiona nikiwa upande wa uongo. Siku ukitumwa na fomu, mtu kama mimi atakupokea vizuri sana. Atakuwa na mwandiko mzuri. Usimpe kalamu. Usimwulize mfanyakazi mbele yake kama wako sawa. Mwulize mfanyakazi peke yake kitambulisho chake kiko wapi, si kama anacho, kiko wapi, na atie mkono mfukoni akuonyeshe. Ukifika getini angalia kufuli hufungwa kutoka upande gani. Na ukipewa jibu linalofanana na mambo ya kila siku, hapo ndipo uulize swali la pili. Yule msichana alikosa swali moja tu. Nimemfikiria mara nyingi kuliko alivyonifikiria mimi. Nilitamani arudi.

Na karatasi zikilala kwenye meza yako, ziamshe mapema, maitu. Kila siku unayozichelewesha kuna mtu atakayelala juu ya robota.

Hapa niliacha kuandika nikaenda kuweka chai. Nilitoa vikombe viwili, nikarudisha kimoja. Nikaketi kusoma nilichoandika, kwa sababu mkono wangu huwa unaruka maneno, na nikafika pale niliposema kampuni ikampa mtu, mtu akampa Njoroge, Njoroge akanipa mimi, nami nikawapa wanawake. Nikasoma tena mwanzo wa barua, mahali ninapokuomba ushuke Matuu.

Nimeona aibu, Nyambura. Nimekaa na jambo hili miaka saba na njia niliyoipata ya kulimaliza ni kumpa mtu wa chini yangu alibebe. Tena kwa haraka, basi likingoja.

Kwa hivyo usitafute kadi ndani ya bahasha. Nimeitoa. Mwanzo wa barua sitaufuta, uone jinsi baba yako alivyo hata akiwa na nia nzuri.

Kesho asubuhi utaniona nimevaa koti langu la mazishi na utasema, "Ai, Baba, kwani unaenda wapi?" Nitakuambia nakusindikiza. Utadhani nimeshindwa kukuacha, na ni kweli, nimeshindwa. Nitakaa upande wa dirisha kama ulivyokuwa ukikaa wewe. Tukifika Matuu nitakupa bahasha hii, nitakushika kichwa kama nilivyokuwa nikikushika, na nitashuka. Tafadhali usishuke nyuma yangu. Ukinifuata nitasema kila kitu kikiwa kimeelekezwa kwako, na maneno haya si yako.

Sijui Mwende atasema nini. Anaweza kunifukuza, na kama atanifukuza nitaweka kadi yake juu ya nguzo ya lango na kuondoka. Anaweza kutaka niende niyaseme haya mbele ya watu, mbele ya chifu, mbele ya yeyote. Nitayasema. Jina la Njoroge nitalisema, na langu nitaanza nalo. Sitamwomba anisamehe. Nitamwambia tu kwamba kona zake hazikufumuka, na aliyelala juu ya shuka yake alipona, sasa ni mtu mzima.

Halafu nitarudi Ruiru, na jioni nyumba itakuwa na sahani moja. Hilo nitalizoea polepole. Mama Kevo atakuja kuchukua zipu yake na nitamfungulia.

Ukifika mstari huu mimi nimeshashuka. Natembea kwenye njia ya vumbi nikiuliza watu boma la kina Kilonzo liko wapi, maana hilo ndilo jina lililo kwenye kadi: Mwende Kilonzo. Nimelifanyia mazoezi hapa chumbani kwa sauti. Ni jina zuri. Nilikuwa nalo kwenye mkebe wakati wote niliokuwa nikimwita Kumi na Nne.

Nilisema sitakupa maagizo, nami nimejizuia mpaka hapa. Nipe hili moja. Shika mkoba wako sasa hivi, utie mkono, uone kama kitambulisho chako kiko. Kuna kizuizi mbele yenu.

Baba yako,
Kamau